Mkono Usioingia Mtupu

Watu wa Bariadi wana huruma moja mbaya: mtu akishakufa, wanamsafisha. Juzi nimemsikia mama mmoja sokoni akisema kwamba Mnunuzi alikuwa mtu wa watu. Nilicheka mpaka muuza dagaa akageuka kunitazama. Mimi nilikaa naye jirani, ua wa minyaa tu ukitutenganisha, tangu siku pamba ilipoachiwa kila mwenye gari na mizani ainunue mpaka siku alipozikwa. Nitamsema kama nilivyomjua, na wanaotaka kumsafisha wana sabuni zao.

Jina lake silitaji. Wakulima walimwita tajiri, mkewe alimwita "huyu", sisi majirani tulimwita Mnunuzi, na mwenyewe aliridhika na yote matatu. Mimi aliniita mwalimu wa njaa, kwa sababu nilifundisha shule ya msingi na mshahara wetu ulikuwa na desturi ya kuchelewa. Alinisalimu hivyo kila asubuhi juu ya ule ua, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mwangaluka, mwalimu wa njaa!" Nami nilimwitikia vizuri tu, maana adabu ndiyo niliyokuwa nayo kwa wingi kuliko yeye.

Kwanza niuseme mkono wake, maana ndio uliomtajirisha.

Zamani za ushirika, pamba ilitenganishwa kabla ya kupimwa. Iliyo nyeupe na kavu iliitwa safi. Iliyochafuka, yenye majani, iliyogeuka njano au kulowa, iliitwa fifi, na bei yake ilikuwa ya kusikitisha. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi wengi waliacha kujisumbua, wakabeba yote kwa pamoja. Mnunuzi hakuacha. Na wakulima nao hawakuwa malaika: wapo waliomwagia maji katikati ya gunia ili lipate uzito, wapo waliotia mchanga. Kwa hiyo alipotangaza kwamba yeye hanunui sura ya gunia bali tumbo lake, hakuna aliyeweza kubisha.

Alivaa shati la mikono mirefu hata jua la Septemba likiwaka. Mkulima akifungua gunia, yeye huzamisha mkono mpaka begani, akafumba macho kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto. Foleni nzima hunyamaza. Halafu mkono hutoka na ngumi iliyojaa pamba chafu, akainyanyua juu kila mtu aione. "Nje safi, ndani fifi!" Watu huangua kicheko. Wote walicheka isipokuwa mwenye gunia, kwa sababu kila mmoja alitumaini kwamba akicheka vizuri, lake litaachwa.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Migato, na alichuma pamba kama mwanamke mwenye wageni anavyochagua mchele. Alitandika mkeka, akatoa jani moja moja. Msimu mmoja alileta magunia yake mjini kwangu, akisema afadhali auze mbele ya binti yake kuliko kule kwenye vituo vya porini. Nilikuwa nimesimama pale pale. Mnunuzi alizamisha mkono kwenye gunia la kwanza, akatoa ngumi ya pamba ya njano iliyolowa.

"Tajiri, hiyo si yangu," baba akasema.

"Namhala, mzee wangu, imetoka tumboni mwa gunia lako. Ni ya nani basi? Ya mwalimu?"

Kicheko. Kisha akaamuru gunia limwagwe chini ili watu waone mengine yaliyofichwa, na chini palikuwa na ule udongo wetu mweusi, umelowa kwa mvua ya jana yake. Wapagazi wakaikanyaga ile pamba wakitafuta uchafu, na bila shaka waliupata, maana walikuwa wanauleta kwa miguu yao. Magunia yote yakaandikwa fifi. Baba aliinama akaokota iliyobaki safi, akairudisha konzi kwa konzi. Nyumbani aliomba maji, akanawa mikono muda mrefu, kisha akala chakula chake. Hakusema neno juu ya jambo lile, siku ile wala miaka iliyofuata. Mimi nilisema ya kutosha kwa wote wawili, lakini niliyasema jikoni.

Huyu ndiye aliyekuwa mtu wa watu.

Niwe mkweli, maana chuki isiyo na haki hainisaidii. Mnunuzi alikuwa na jicho la ng'ombe ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Wafugaji wa Kimali walimpelekea gari wamchukue akaangalie mifugo, naye alikwenda bila kuuliza malipo. Alipita katikati ya zizi taratibu, akagusa sikio, akatazama pua, akasikiliza tumbo, kisha akaonyesha kwa fimbo dume lililonona, linalokula, linalotembea vizuri. "Huyu anaumwa. Mtengeni." Wenye ng'ombe walishangaa, lakini hazikupita siku nyingi dume likalala na halikuinuka. Nilimuuliza aliwezaje. Akanijibu maneno ambayo nimeyakumbuka kuliko mengi niliyofundishwa chuoni:

"Ng'ombe hasemi, mwalimu, ndiyo maana namtazama. Mtu anasema, ndiyo maana simtazami."

Mkewe alikuwepo, anapepeta mtama. Alinyanyua macho mara moja akayarudisha kwenye ungo.

Tena alikuwa na fahari yake nyingine, na hiyo ndiyo iliyomuua: hakuumwa. Aliitangaza kama wengine wanavyotangaza ng'ombe wao. Msimu mmoja, kwenye kituo cha kununulia cha Lingeka, alishinda kutwa na msumari uliopenya katambuga, kile kiatu cha tairi, na kuingia kwenye unyayo. Alizunguka nao kati ya mizani na gari mpaka mpagazi mmoja akaona damu kwenye pamba. Mnunuzi akaketi juu ya gunia, akaomba koleo, akauvuta msumari ule mbele ya umati huku akipiga soga. Kisha akamwonyesha mpagazi aliyekuwa ameomba ruhusa kwa ajili ya kuumwa mgongo. "Unauona huu? Wewe mwanamke, rudi kubeba." Kisa hicho kilisimuliwa mpaka Lamadi, na aliyekisimulia zaidi ni yeye.

Sote tulikiona cha ushujaa. Mkewe peke yake ndiye aliyekwenda zahanati kuuliza ni mtu gani asiyesikia msumari. Akaambiwa: mwenye sukari, iliyomkaa mwilini muda mrefu ikala mishipa ya fahamu. Alimpeleka akapimwa, ikawa hivyo. Mnunuzi akacheka, akaagiza chai, akatia sukari vijiko vingi akimtazama mkewe usoni.

Halafu akaanguka. Haikuwa na vishindo. Alikuwa jinerini, pale pamba inapochambuliwa, akibishana juu ya mzigo wake, akatokwa jasho, akatapika, akakaa chini. Hakushika kifua wala hakulalamika. Hospitali kubwa ya Mwanza wakasema ni moyo, na wenye jineri, ambao hawakutaka kupoteza mkono kama ule, wakamsaidia kufika India. Kule walipitisha mrija mwembamba kwenye paja mpaka kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Ncha ya mrija ilikuwa na puto dogo. Walipofika palipoziba, wakalijaza, mshipa ukatanuka, damu ikapita, wakalitoa.

Alirudi mnene na mwenye kelele. "Mimi nimepulizwa moyo kama tyubu ya baiskeli!" aliwaambia watu, akajipiga kifuani. "Nyie mtakufa na pancha zenu."

Alichosema daktari wa India tulikijua kwa mkewe, kwa sababu yeye ndiye aliyesikiliza. Alikisema juu ya ua, taratibu, kama mtu aliyetumwa ujumbe na kuogopa kuupunguza. Mshipa uliotanuliwa huweza kujifunga tena ndani ya miezi. Mtu mwingine angebanwa kifua, akajua. Huyu, kwa sukari yake, moyo unaweza kukosa damu ukafa njaa kipande kwa kipande, naye akala, akacheka, akalala. Kwa hiyo asingoje maumivu. Arudi akiwa mzima vile vile. Watamtembeza kwenye mkanda unaokimbia chini ya miguu mpaka moyo udunde kwa nguvu, watamdunga dawa kwenye mshipa wa mkono, kisha mashine itapiga picha ya moyo. Damu inapofika patang'aa. Isipofika patakuwa giza. Wakiliona giza mapema, watazibua tena.

"Daktari aliniambia mimi, mwalimu," mkewe alisema. "Aliniambia, mama, mdomo wa mumeo si shahidi. Mtazame wewe."

Basi akamtazama. Mama yule alikuwa na macho ya subira, na kwa miezi mingi hakuwa na kazi kubwa kuliko hiyo. Aliona kwamba mumewe akitoka getini kwenda ghalani husimama katikati ya njia, akajifanya anakagua tairi la gari. Kila siku tairi lile lile. Kwenye ngoma za baada ya mavuno, alipoingia kati ya vijana kuwaonyesha kwamba mzee bado yupo, aliruka kidogo tu kisha akachuchumaa mbele ya ngoma, akatikisa kichwa kama anayefurahia mapigo. Watu wakashangilia. Mkewe aliona midomo yake imekuwa ya kijivu. Alipomwambia, alijibiwa mbele ya wageni kwamba anatafuta safari ya kwenda kununua vitambaa Bombay.

"Unaumwa?" alimuuliza kila asubuhi.

"Siumwi."

"Ndiyo maana nataka uende."

Nadhani hakuna mke aliyewahi kuombea mumewe maumivu kama yule. Aliniambia waziwazi: kama kingembana hata mara moja, angeenda.

Mwishowe aliniomba nikaongee naye. Alisema, wewe umesoma, atakusikia. Kwa Mnunuzi kusoma kulikuwa sababu ya kutosikilizwa, lakini nilikwenda kwa ajili yake. Ilikuwa mchana, msimu wa pamba, naye alikuwa ameketi barazani kati ya magunia yaliyofunguliwa, akila matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilimweleza tena yale yote: mkanda, dawa, picha, giza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonishangaza. Kisha akafuta vidole.

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Nipo hivi, nakula, natembea, siumwi mahali. Wao wanasema niende waniangalie ndani. Ndani! Na nikienda, unadhani watakosa kuona kitu?"

"Kama hakipo hawatakiona."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hebu tazama, mtoto wa Migato."

Aliokota sakafuni pamba chafu, ya njano, yenye vipande vya majani. Akaikunja, ikaingia kwenye kiganja, kiganja kikaingia kwenye lile shati la mikono mirefu. Akanionyesha mkono kwa nje: hakuna kitu. Akauzamisha kwenye gunia la karibu, jeupe kama unga, mpaka begani, macho kayafumba. Akautoa. Ngumi ikafunguka mbele ya uso wangu, na pamba ile ya njano ikachanua.

"Nje safi, ndani fifi," akasema kwa upole. "Mkono wangu hauingii kwenye gunia mtupu, mwalimu. Tangu niwe mnunuzi haujaingia mtupu. Sasa wewe unataka niende nikawe gunia la watu wengine?"

Nikamuuliza kilichokuwa lazima nikiulize.

"Na gunia la baba yangu?"

"La baba yako?" Alifikiri kweli, kama mtu anayekumbuka chakula kizuri. "Lilikuwa safi kuliko yote siku ile. Ndiyo maana. Nikilifanya fifi gunia la mzee kama yule, nani mwingine atabisha?"

Nikaondoka. Mkewe alikuwa amesimama kwenye pengo la ua akiningoja, nikamwambia amekataa. Sababu sikumwambia, na sikurudi tena kumsihi mumewe, wala silioni kosa langu mpaka leo. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha maradhi. Maradhi ndiyo yaliyomficha yeye, na alipokuja mtu wa kuyafichua alimwona ni mwizi mwenzake. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu kutoamini ukaguzi, na mwanafunzi wake bora akawa yeye mwenyewe.

Moyo ukaendelea na njaa yake. Msimu uliofuata aliacha kwenda Lingeka, akasema barabara mbovu. Kisha akaacha kuzamisha mkono, akasema siku hizi pamba ni nzuri, na wakulima wakamsifu kwa kuokoka. Alikuwa hawezi kuinama. Alianza kulala ameketi kwenye kiti. Miguu ikavimba mpaka katambuga zikakataa kuingia. Hata hapo hakuumwa, na alituambia hivyo kwa sauti iliyokatika kila maneno matatu. Pumzi ilipomkatikia kati ya kitanda na mlango, mkewe hakumuuliza tena. Alikodi gari akampeleka Nairobi, na kule akapigwa zile picha ambazo angepigwa akiwa anacheza ngoma.

Baada ya kurudi, alituma mtu kuniambia kwamba baba yangu akija mjini, aje amwone. Nilitaka kumjibu kwamba baba yangu si mganga. Lakini baba alipokuja wiki hiyo na kusikia, alivaa koti lake la kanisani, akasema twende.

Tulimkuta barazani, ameegemezwa kwa mito, shati lile lile la mikono mirefu sasa likimpwaya. Mkewe alituletea viti, akarudi kusimama nyuma yake. Kwenye mapaja ya Mnunuzi kulikuwa na bahasha kubwa. Salamu zilichukua muda, maana aliitikia kipande akapumzika, akaitikia kingine.

Akaitoa picha, akampa baba. Ilikuwa na miviringo ya rangi, myekundu na ya njano, kama bangili zilizopangwa, na kila bangili ilikuwa imekatika upande mmoja. Pale ilipokatika palikuwa peusi.

"Wanasema huo ni moyo," akasema. "Hapo peusi wanasema pamekufa. Zamani. Mimi nikitembea. Wanasema ningekuja mapema... pangezibuliwa. Sasa hapazibuliki. Wamenipa vidonge."

Baba aliishika picha ile kwa ncha za vidole. Hajui kusoma zaidi ya Biblia ya Kisukuma, na hiyo nusu yake ameikariri.

"Namhala," Mnunuzi akasema, "siku ile ya gunia lako. Uliuona mkono wangu?"

Baba hakuhangaika hata kidogo.

"Niliuona. Kwenye shati. Kabla haujaingia."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, tajiri? Mwenye mizani ulikuwa wewe."

Mnunuzi alitikisa kichwa. Alipumzika. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na mkewe akalipangusa kwa khanga. Nilielewa hapo alichomwitia. Katika watu wote aliowahi kuwatendea, alikuwa anamtafuta mmoja aliyejua kuuona mkono.

"Basi nitazamie," akasema. Macho yake yalikuwa yanaomba, na sikuwahi kuyaona yakiomba. "Wewe unaona. Hawa wa picha... mkono wao uliingia mtupu? Au hilo jeusi wamelitia wao?"

Ningemwelewa baba kama angesema sijui. Ningemwelewa pia kama angemwonea huruma na kusema hawa wazungu wa mashine ni wezi tu, pumzika, utapona. Mkewe alikuwa amemkazia macho, nadhani akiomba hilo la pili. Baba akaisogeza picha kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku, akaikagua kama anavyokagua mbegu. Alichukua muda wake wote. Kisha akamrudishia.

"Uliingia mtupu, tajiri."

Mnunuzi akaitazama ile picha mapajani mwake.

"Basi ni yangu," akasema.

Tulikaa kidogo, kwa heshima, kisha tukaaga. Wiki ile haikuisha kabla hatujasikia vilio upande wa pili wa ua.

Siku ile, tulipovuka pengo la minyaa na kufika kwangu, baba alivua koti, akaomba maji ya kunawa. Nilimmiminia. Nikamuuliza alijuaje habari za picha ile, maana hata mimi niliyesoma sikuelewa kilichokuwa pale.

"Mimi nijue nini picha za moyo?" akasema baba, akisugua vidole kimoja kimoja. "Nilitaka tu alale nayo, kama nilivyolala na ile fifi."